Krimu "imepimwa na madaktari wa ngozi": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maneno haya siku hizi yako kila mahali, kuanzia losheni ya mtoto hadi krimu ya laki moja na nusu. Wanaouliza ni wa aina mbili: wanunuzi wanaotaka kujua kama wanadanganywa, na wajasiriamali wanaotaka kuyaandika kwenye makopo yao. Nawajibu wote pamoja, maana nyuma ya maswali yao kuna swali moja tu: kipimo kilimuuliza nani, na kilimuuliza nini?

"Imepimwa na madaktari wa ngozi" maana yake ni salama?

Hapana. Maana yake ni kwamba ilipimwa. Matokeo hayajatajwa. Inaweza kuwa ilipimwa kwa watu 20 au 200, kwa siku mbili au wiki sita, daktari akiwa amesimama pale au akiwa ameletewa karatasi asaini mwishoni. Yote hayo hukaa ndani ya maneno yaleyale matano. Kampuni iliyofanya kazi ya maana kwa kawaida haioni haya kutaja idadi ya watu na muda.

Kwani si lazima kipodozi kijaribiwe kwa watu kabla ya kuuzwa?

Mara nyingi si lazima, na wengi hushangaa wakisikia hivyo. Ulaya, chini ya Kanuni Na. 1223/2009, kila kipodozi lazima kiwe na ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu mwenye sifa. Mtaalamu huyo huanza na hesabu: kiambato gani, kimo kiasi gani, kinapakwa wapi, na nani, mara ngapi. Krimu inayolala usoni usiku kucha haihesabiwi sawa na shampuu inayosuuzwa baada ya dakika mbili. Kupima kwa watu huja mwisho, kuthibitisha kile ambacho hesabu zimeshakionyesha.

Marekani sheria ya vipodozi ni ya mwaka 1938. Ilipatikana baada ya vilio vingi, kimojawapo kikiwa cha Lash Lure, rangi ya kope iliyopofusha wanawake na hata kuua. Hata hivyo, sheria ile haikumtaka mtengenezaji athibitishe kwanza ndipo auze. Ni sheria ya Desemba 2022 iliyowataka watengenezaji wawe na ushahidi wa usalama kwenye mafaili yao, na watoe taarifa ya madhara makubwa ndani ya siku 15 za kazi.

Kwetu, Tanzania ilihamisha vipodozi kutoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa ya wakati huo) kwenda TBS (shirika la viwango) mwaka 2019. Kenya kazi ya viwango iko KEBS. Viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki, mfululizo wa EAS 377, vinaorodhesha viambato vilivyokatazwa na vile vyenye mipaka. Kwa hiyo alama ya ubora kwenye kopo inahusu zaidi kilichomo ndani. Haisemi kwamba kuna watu waliopakwa wakaangaliwa kwa wiki sita.

Na wanyama?

Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa cha sungura: mwaka 1944 John Draize wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani alieleza na wenzake namna ya kupaka kitu kwenye ngozi na macho ya sungura na kutoa alama za wekundu na uvimbe. Ulaya ilikataza kupima vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, ikafunga mlango wote tarehe 11 Machi 2013. China, iliyokuwa ikidai kipimo cha wanyama kwa bidhaa zote kutoka nje, ililegeza sharti hilo kwa vipodozi vya kawaida mwaka 2021.

Kilichochukua nafasi ya sungura ni ngozi iliyooteshwa maabara kutokana na seli za watu, mara nyingi kutoka kwenye ngozi inayobaki baada ya upasuaji. Unapaka bidhaa juu ya kipande hicho, unasubiri, unahesabu seli ngapi zimebaki hai. Kwa muwasho kipimo hiki ni kizuri. Kwa mzio havitoshi vipande vya ngozi, kwa sababu mzio ni kazi ya mwili mzima. Hapo hutumika vipimo kadhaa vikisomwa pamoja.

Muwasho na mzio si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na ukivichanganya hutaelewa chochote kinachofuata. Muwasho ni kuumizwa: kostiki iliyobaki kwenye sabuni humuwasha kila mtu ikiwa nyingi, na siku hiyohiyo. Mzio ni kumbukumbu. Mara ya kwanza huoni kitu. Mwili unakutana na kiambato, unakitambua kama adui, na kwa muda wa siku 10 hadi 14 unaandaa askari wake. Ukipaka tena ndipo vita inaanza, hata kama umepaka tone. Ndiyo maana mtu husema "lakini nimeitumia miaka mitatu bila shida." Anasema kweli, na bado inaweza kuwa ndiyo hiyo.

Kipimo cha kibandiko mgongoni kinaendaje?

Kile kirefu, kinachotumika sana kwa bidhaa iliyokamilika, kinafuata tabia hiyo ya mzio. Mtu wa kujitolea hubandikwa bidhaa mgongoni mara 9 ndani ya wiki tatu, mara tatu kila wiki, mahali palepale. Kila kibandiko hukaa kama saa 24, kisha mtaalamu anaangalia ngozi na kuandika alama. Halafu wanamwacha apumzike kama wiki mbili. Mapumziko hayo ndiyo moyo wa kipimo: ni muda wa mwili kuandaa askari wake, kama wapo. Mwishoni anabandikwa mara moja tu mahali papya, na ngozi inasomwa kwa siku kadhaa. Mahali papya pakiwaka, huo ni mzio, si uchovu wa ngozi iliyobandikwa mara tisa.

Ni wiki sita za kutoogelea, kuoga kwa tahadhari na kulala kifudifudi. Katika joto la Dar es Salaam jasho pekee linatosha kubandua plasta, na kibandiko kilichobanduka ni siku iliyopotea.

Wapo wanaosema kipimo hiki kina tatizo la kimaadili: je, ni haki kumjaribu mtu mzima wa afya uone kama utampa mzio atakaoishi nao maisha yote? Kamati ya kisayansi ya Ulaya imepinga kukitumia kutafuta kama kiambato kinaleta mzio. Nakubaliana nayo. Kinafaa tu pale ambapo una sababu nzuri za kutarajia kwamba hakuna kitakachotokea.

Watu 100 wamepimwa, hakuna hata mmoja aliyepata shida. Si inatosha?

Hapa hesabu ni ndogo lakini inauma. Ukipima watu 100 na asidhurike hata mmoja, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba wanaodhurika hawazidi takribani 3 kwa kila 100. Husemi ni sifuri. Unagawanya 3 kwa idadi ya watu uliowapima. Ukipima 200, kikomo ni 1.5. Sasa chukua kile kipimo cha watu 100, uza makopo 10,000: watu 300 wanaweza kuwaka ngozi, na kipimo chako bado kitakuwa hakikukosea.

Mfano wake ni methylisothiazolinone, kihifadhi cha kuzuia vijidudu. Ulaya iliruhusu kitumike chenyewe kwenye vipodozi mwaka 2005, hadi sehemu 100 kwa milioni. Ni kiasi kidogo sana, na karatasi zake zilikuwa sawa. Miaka michache baadaye kliniki za ngozi zilianza kujaa watu wenye mzio wake, mpaka mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa mguso kikakitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Tangu 2017 hakiruhusiwi Ulaya kwenye krimu na losheni zinazobaki kwenye ngozi. Kilichoonekana kwa mamilioni ya watumiaji kisingeonekana kwenye migongo mia.

Ngozi nyeusi inapimwa vilevile?

Inapaswa, lakini historia yake si nzuri. Alama za kibandiko zimejengwa juu ya wekundu: hakuna, hafifu, wazi, mkali. Kwenye ngozi yetu wekundu hujificha. Huonekana kama zambarau, kijivu, au weusi uliozidi kidogo, na msomaji asiyezoea ataandika "hakuna." Msomaji mzoefu hupitisha kidole asikie kama pamevimba au pana vipele, huleta taa kutoka ubavuni, na humuuliza mtu kama panawasha. Pia hurudi kuangalia baadaye, kwa sababu kwetu madhara ya kudumu mara nyingi si wekundu bali ni doa jeusi linalobaki miezi baada ya muwasho kuisha. Kipimo kinachofungwa siku ya nne hakilioni.

Hata ile ngazi maarufu ya aina sita za ngozi, ya daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard, ilianza mwaka 1975 kwa ajili ya kukadiria dozi ya mwanga wa kutibu wagonjwa wa ngozi. Swali lake lilikuwa: ukikaa juani unaungua au unabadilika rangi? Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, kama aina ya tano na ya sita, na ndani ya hizo mbili wametiwa watu kuanzia India hadi Sudan Kusini.

Ukiwa mjasiriamali unapeleka krimu yako maabara ya nje, uliza hili kabla hujalipa: watu wangapi watakuwa na ngozi kama ya wateja wangu, na nani atazisoma?

SPF 50, ile namba ya kinga ya jua, inapatikanaje?

Kwa kuunguza watu kidogo, kwa makusudi. Wanatakiwa angalau watu 10. Sehemu ndogo za mgongo zinapigwa na taa inayoiga jua kwa dozi zinazopanda, nyingine zikiwa tupu, nyingine zimepakwa mafuta. Baada ya saa 16 hadi 24 wanaangalia ni dozi gani ndogo kabisa iliyoleta wekundu kila upande. Dozi ya upande uliopakwa inagawanywa kwa dozi ya upande mtupu: ikichukua mara 50 zaidi, hiyo ndiyo SPF 50.

Kuna mambo mawili kopo halikuambii. La kwanza ni kwamba maabara wanapaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi ambacho mtu wa kawaida hakipaki. Wengi wetu tunapaka nusu yake au hata robo, na kinga hushuka nayo. La pili ni kwamba kiwango chenyewe, ISO 24444, kinataka watu wenye ngozi nyepesi, ya pembe ya rangi (namba inayopanda kadiri ngozi inavyokuwa nyepesi) isiyopungua nyuzi 28 kwa kipimo cha mashine. Sababu yake ni ya kiufundi, kwani wekundu hausomeki vizuri kwenye ngozi nyeusi na ungelazimika kumweka mtu chini ya taa muda mrefu mno. Matokeo yake ni kwamba namba inayouzwa kwako haikupatikana kwa mtu kama wewe. Wala haikuuliza kinachokusumbua zaidi, yaani madoa na weusi usoni, ambayo huletwa pia na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Dhidi ya mwanga huo, krimu zenye rangi ya oksidi za chuma hufanya kazi ambayo SPF haiihesabu.

Kwa mwenye ualbino hadithi ni nyingine kabisa. Kwake kinga ya jua si urembo, ni kujikinga na saratani ya ngozi. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo KiliSun kwa ajili ya watu hao. Sharti la kwanza la mafuta kama hayo ni mtu kukubali kuyapaka kila siku, katika jua na vumbi la kwetu. Mafuta yanayonata kama gundi yanaweza kuwa na SPF nzuri maabara na yakabaki kabatini.

"Huondoa madoa kwa wiki nne": hilo nalo hupimwa?

Linaweza kupimwa, na hapo ndipo ujanja ulipo mwingi.

Vifaa vipo. Kuna kinachopima unyevu wa ngozi kwa umeme mdogo, kinachopima maji yanayovuja kutoka mwilini, kinachonyonya ngozi kuona inarudi haraka kiasi gani, na kinachosoma kiasi cha rangi. Picha hupigwa kwa taa ileile, umbali uleule, uso umeoshwa. Ukiona picha ya "kabla" ina kivuli na ya "baada" ina mwanga wa dirishani, usisome maandishi yake.

Lakini kifaa bila kundi la kulinganisha ni pambo. Ngozi hubadilika yenyewe: chunusi hupanda na kushuka, kiangazi hukausha, masika hulainisha. Jaribio la kweli lina upande mmoja wa uso unaopata krimu yenye kiambato na upande mwingine unaopata krimu ileile bila kiambato, na wala mpakwaji wala msomaji hajui upi ni upi. Bila hivyo utapima uzuri wa kupaka mafuta yoyote. Hata mafuta ya mgando huongeza unyevu, na kwa vizuri tu.

Wiki nne kwa madoa ninazitilia shaka. Ngozi ya juu huchukua karibu mwezi kujibadilisha mara moja tu. Majaribio ya maana ya madoa huenda wiki 8 hadi 12.

Kisha kuna "asilimia 87 ya wanawake walikubali." Hiyo ni dodoso. Wamepewa krimu bure, wakaulizwa kama ngozi inaonekana kung'aa. Si uongo, ila ni maoni. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani iliibana L'Oréal kwa matangazo yaliyodai kwamba krimu zake zinaamsha jeni za ujana, na kampuni ikakubali kuyaacha. Kama kampuni kubwa namna hiyo ilitangaza zaidi ya ushahidi wake, muuzaji wa mtandaoni anayeahidi ngozi mpya kwa siku saba unamwonaje?

"Haileti mzio" je?

Ni neno la biashara. Marekani ilijaribu mwaka 1975 kuliwekea neno hili kanuni, mahakama ikaifuta kanuni hiyo mwaka 1977. Tazama viambato, hasa manukato.

Wanaojitolea ni akina nani? Wanalipwa?

Ni watu wazima wenye afya, kwa kawaida si wajawazito. Hulipwa kwa muda na usumbufu. Lazima waelezwe hatari kwa lugha wanayoielewa, wasaini ridhaa, na waweze kuacha siku yoyote bila kuulizwa sana. Ikitokea wamedhurika, matibabu ni juu ya mwenye jaribio.

Haikuwa hivyo siku zote. Kuanzia 1951 hadi 1974, katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, daktari wa ngozi Albert Kligman alijaribu vipodozi, dawa na kemikali nyingine kwenye migongo ya wafungwa, wengi wao weusi, kwa malipo madogo. Utafiti wake ulichangia tretinoin, dawa ya chunusi inayopendwa mpaka leo. Jiji la Philadelphia liliomba radhi mwaka 2022. Mtu akikupa pesa ya kupakwa kitu asichotaka kukitaja jina, kumbuka migongo ile.

Piko la harusi ni hina?

Si hina. Hina ya majani huacha rangi ya machungwa inayokomaa kuwa wekundu wa kahawia, na hutaka saa kadhaa. Kinachotoa weusi tititi ndani ya nusu saa ni rangi ya nywele yenye paraphenylenediamine, yaani PPD, ya jamii ileile ya rangi iliyokuwa kwenye Lash Lure. Ulaya inaruhusu PPD isizidi asilimia 2 kwenye rangi inayogusa kichwa, na ni ya nywele, si ya kuchorea mikono. Mpiga piko hapimi.

Najua bibi harusi wa pwani bila piko huonekana hajakamilika. Hata hivyo malengelenge yanayofuata maua yaleyale mkononi huacha kovu au weupe, na mzio wenyewe haupoi: miaka kumi baadaye bibi yuleyule anatia rangi mvi zake, kichwa kinavimba mpaka macho yanafunga. Watoto wadogo wasipakwe kabisa.

Hakuna krimu ya kung'arisha iliyopimwa ikaonekana salama?

Haidrokwinoni ilipimwa, na inafanya kazi. Madaktari huitumia kutibu madoa kwa muda maalumu. Tatizo ni kwamba jaribio la wiki 12 haliwezi kuapa kwa niaba ya miaka kumi ya kujipaka mwili mzima. Mwaka 1975 madaktari Afrika Kusini walieleza ngozi za watumiaji zilizogeuka nyeusi-samawati zenye vijivimbe, hali isiyotibika kirahisi. Nchi hiyo ikaipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990, Ulaya ikafuata 2001 kwa krimu za kung'arisha.

Mkorogo hauna hata hizo wiki 12. Hakuna aliyewahi kupima haidrokwinoni, steroidi kali na pengine zebaki vikiwa kwenye ndoo moja. Clobetasol, mojawapo ya steroidi hizo kali, ina maelekezo ya wiki mbili na gramu zisizozidi 50 kwa wiki. Wapo wanaoipaka kama losheni. Zebaki huenda kwenye figo, na hata kwa mtoto anayebebwa.

Vya asili havihitaji kupimwa, sivyo?

Limau ni la asili. Lipake mkononi, kaa juani Coco Beach, utapata malengelenge na mabaka meusi. Mimea ina kemikali nyingi kuliko kopo la dukani, ila haijaandikwa lebo.

Natengeneza sabuni ya mwani na krimu nyumbani. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye vibandiko, ni ghali na si hatua yako ya kwanza. Kwa sabuni, hakikisha kostiki imeisha kufanya kazi: pima pH, na iache ikomae wiki nne au zaidi. Krimu ni ngumu zaidi kwa sababu ina maji, na penye maji vijidudu hualikana. Maabara hutia bakteria na ukungu kwa makusudi kwenye krimu yako, kisha huhesabu siku ya 7, 14 na 28 kama kihifadhi kimewaua. Krimu inayoshindwa hapo inaweza kumpofusha mtu jicho, hata kama haijamwasha yeyote. Weka pia makopo kwenye joto la nyuzi 40 kwa miezi mitatu uone kama yanajitenga. Meza ya mnada saa saba mchana haina huruma. Kisha nenda TBS au KEBS na orodha kamili ya viambato, pamoja na yale manukato ya chupa isiyo na jina. Hayo ndiyo humkwamisha kila mtu.

Naweza kujipima mwenyewe?

Kwa bidhaa inayobaki kwenye ngozi, ndiyo. Paka kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, pa ukubwa wa kiberiti, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 14. Siku moja haitoshi, umeshaona sababu. Usijipime hivi kwa rangi ya nywele wala sabuni, na usifunike kwa plasta.

Nimeshapata madhara. Nifanye nini?

Acha bidhaa zote, si ile unayoishuku tu. Osha kwa maji, usipake dawa ya jirani. Usitupe kopo: lipige picha lebo na namba ya toleo, ulichukue uende nalo kwa daktari wa ngozi, kwa sababu bila hilo atakuwa anabahatisha kati ya mamia ya viambato. Macho, midomo au koo vikivimba, usisubiri kliniki ya asubuhi.